Fimbo ya kwanza ya kuvua mtoni kwa mkazi wa Nairobi: ipi inunuliwe

Kabla ya kutoa hela, amua utavua mto gani. Mto Nairobi usahau. Athi nao huupokea huo huo Mto Nairobi, kwa hiyo taka za jiji hufika hadi Fourteen Falls. Anayeanza abaki na njia mbili: Sagana, kwenye kambare na tilapia, au vijito baridi vya Aberdare kama Gatamaiyu, kwenye trauti. Trauti ni samaki wa kuletwa; wa kwanza waliachiliwa Mto Gura mwaka 1905.

Nafasi ya kwanza tunaipa fimbo ya vipande viwili ya mita 2.1, pamoja na rili (kifaa cha kukunjia mshipi, yaani uzi wa kuvulia) saizi 2500, ile yenye mkono wa waya unaofunguka. Ukiitenganisha, kila kipande ni kama mita moja tu, inaingia kwenye matatu bila kugombana na makanga. Itie ndani ya bomba la PVC la inchi mbili. Ncha za fimbo huvunjwa na milango ya gari kuliko samaki.

Hela nyingi ziende kwenye rili. Hapo hapo dukani, zungusha mpini wake polepole; ikikwaruza, iache. Kaza breki ya rili nusu, kisha vuta mshipi kwa mkono: utoke kwa mwendo mmoja, usiwe wa kushtukashtuka. Breki inayoshtuka ndiyo hukatisha mshipi kambare anapogeuka ghafla. Halafu pitisha pamba kidogo ndani ya kila pete ya fimbo. Nyuzi zake zikinasa, pete ina ufa ambao jicho halikuuona, na ufa huo utaula mshipi wako kidogo kidogo.

Mshipi uwe nailoni ya milimita 0.28. Jaza gurudumu la rili hadi zibaki milimita 2 kufika ukingoni. Ukizidisha, mshipi humwagika ukajifunga mafundo, ukipunguza hutatupa mbali. Lowesha fundo kwa mate kabla ya kulikaza, maana nailoni kavu huungua kwa msuguano. Ndoano: namba 10 kwa tilapia, 1/0, ambayo ni kubwa zaidi, kwa kambare. Angalia usichanganye: kwenye namba za kawaida, namba ikipanda ndoano hupungua. Chubwi (vyuma vya kuzamisha mshipi) za gramu 10 hadi 20 zinatosha, na mkondo ukiliburuta moja, weka zito zaidi.

Ya pili ni ufito wa mita 4 usio na rili, wa mwanzi au faiba. Ndio wa bei nafuu kuliko yote, na kwa tilapia wa ukingoni hauna mpinzani: mshipi wenye urefu sawa na ufito, boya, chubwi dogo na nyungunyungu. Akija kambare mkubwa, huna mshipi wa kumwachia. Atakata na kwenda zake.

Ya tatu ni fimbo ya inzi bandia (chambo cha kutengenezwa kinachofanana na mdudu), namba 4 au 5, futi 8 na nusu. Iko hapa kwa sababu inafaa mto wa trauti tu; kama lengo lako ni Gatamaiyu, ipandishe iwe ya kwanza, kwani kwenye mito hiyo inzi bandia mara nyingi ndiyo sharti. Namba ya mshipi ilingane na ya fimbo. Uzito wa mshipi ndio hubeba inzi, kwa hiyo mshipi mwepesi mno utakuangukia miguuni.

Ya mwisho ni ile ya kukunjwa kama antena, inayouzwa pakiti moja na rili na ndoano. Inavutia kwa sababu inaingia kwenye begi. Lakini vipande vyake hushikana kwa msuguano tu, na mchanga wa ukingoni ukiingia, ama vitakwama ama vitajikunja samaki akiwa ndoanoni. Kama umeshainunua, tupa mshipi uliokuja nayo, ifungue ukianzia nchani, na uifunge ukianzia shinani baada ya kuipangusa.

Tenga hela ya kibali cha uvuvi. Kiingilio cha msitu au hifadhi ni malipo mengine. Na ununue koleo la mdomo mrefu, kwa sababu kambare ana miiba kwenye mapezi ya ubavuni na ndoano yake haing'oleki kwa vidole.