Usiku wa darubini Shela, nendeni jamani

Jana usiku nilienda kutazama nyota kule ufuoni Shela, wallahi pesa yangu haikupotea, nikaiona sayari ya Mars nyekundu kama punje ya pilipili, alafu yule kijana wa darubini akatueleza vile inaweza kupashwa moto maana kule ni nyuzi 60 chini ya sifuri na hewa haifiki hata asilimia 1 ya yetu. Kuyeyusha barafu zake pekee haitoshi, utafiti wa 2018 ulionyesha kaboni dayoksaidi, ile gesi ya kushika joto, ni kidogo mno kule. Mimi nimelipenda wazo la 2019, unatandaza erojeli ya silika, yaani kitu kigumu lakini chepesi kilichojaa hewa, unene wa sentimita 2 au 3 tu na chini yake joto linapanda zaidi ya nyuzi 50, mwanga unapita mimea iote! Akatupitishia kipande, chepesiii kama povu lililokauka mchangani. Kahawa ya tangawizi tu ndo ilikuja imepoa, wairekebishe.