Chaza wa kwanza wa tangi lako: yupi anunuliwe, yupi aachwe dukani

Chaza wangu wa kwanza kwenye tangi la maji ya bahari alikuwa Tridacna crocea wa buluu, wa jamii ya chaza wakubwa wa miamba, ingawa yeye alikuwa mdogo kuliko kiganja changu. Muuzaji alimng'oa jiweni kwa mkono, mbele ya macho yangu, na chini ya gamba kikabaki kinyama cheupe kinaning'inia. Sikujua ninachokitazama. Wiki ya tatu akawa ameachama, ya nne nikamtoa akinuka. Ndiyo maana orodha yangu inaanza na chaza ambaye dukani watu wengi humpita.

Kwanza taa. Ile nyama ya rangi anayoitandaza nje ya gamba, nitaiita joho, imejaa mwani mdogo usioonekana kwa macho, nao ndio unaompikia chakula kwa mwanga. Ukimweka gizani umemnyima chakula. Tangi liwe limekaa angalau miezi sita, joto nyuzi 25 hadi 27, kalsiamu miligramu 400 hadi 450 kwa lita, na vipimo visiyumbe. Kalsiamu ndiyo anayojengea gamba, na anayekua huila kwa kasi. Naitreti, yaani mabaki ya uchafu wa samaki majini, usihangaike kuifikisha sifuri, kidogo inamfaa.

1. Tridacna derasa. Mnunue huyu. Rangi yake ni kahawia na dhahabu, mara nyingi na ukingo wa buluu, na gamba lake ni laini bila vipande vya kukwaruza. Anavumilia makosa ya mgeni kuliko wenzake, anatosheka na mwanga wa wastani, na anakaa mchangani bila fujo. Palau wamekuwa wakimzalisha mashambani kwa miongo kadhaa, kwa hiyo si vigumu kumpata aliyefugwa. Chagua wa sentimita 8 hadi 10. Wadogo sana hufa ovyo. Kasoro yake ni ukubwa: anaweza kupita sentimita 50. Kama tangi lako ni la lita 150, jua kabisa kwamba siku moja utamtafutia nyumba nyingine.

2. Tridacna squamosa. Gamba lake lina vipande vilivyopandana kama vigae vya paa, na kwangu mimi gamba hilo lina uzuri kuliko hata joho. Anahitaji mwanga mwingi kidogo kuliko derasa, na hufika kama sentimita 40. Huyu ni wa kwetu: yumo kwenye miamba ya Kenya na Tanzania, na aliyeogelea na miwani kisiwani Chumbe, Zanzibar, huenda alishampita. Hilo lisikutie tamaa ya kumbeba kutoka baharini. Jamii yote ya chaza hawa imo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, yaani kumvusha mpaka kunahitaji kibali. Tulio ughaibuni tumuulize muuzaji karatasi bila haya.

3. Tridacna maxima. Hapa ndipo rangi zinapoanza kukupagawisha: buluu, kijani, zambarau, madoadoa. Naye yuko kwetu, kuanzia Afrika Mashariki hadi Polinesia. Anataka taa kali na nafasi juu ya mwamba. Awe chaza wako wa pili, yule wa kwanza akishatimiza mwaka.

4. Tridacna crocea. Mdogo kuliko wote, kama sentimita 15, na kwa tangi dogo anashawishi. Lakini ndiye mwenye njaa kubwa ya mwanga, na hujichimbia ndani ya jiwe. Ukimtaka, mchukue na jiwe lake.

Tridacna gigas, mkubwa kuliko wote, hupita mita moja na kilo 200. Tusipoteze muda.

Ukiwa dukani, pitisha mkono juu ya maji ukingo wa kivuli umguse. Mzima hukunja joho papo hapo, anayechelewa mwache. Tazama tundu la kuvutia maji: likiwa wazi kama mdomo wa mtu aliyelala, ondoka. Omba umwone upande wa chini. Nyuzi anazojishikizia zikatwe kwa wembe, zisivutwe, maana zikivutwa hutoka na nyama. Halafu kagua gamba, hasa la squamosa, kwa konokono weupe wadogo kama punje za mchele. Usiku wananyonya chaza, mchana hujificha kwenye vigae vya gamba. Mswaki mpya unatosha kuwasugua, ila rudia kwa wiki kadhaa kwa sababu ya mayai. Na kama ameshushwa jana, mwache dukani wiki mbili kwanza, hata kwa kulipa arubuni.

Nyumbani mweke chini kabisa, juu ya kijiwe bapa, umpandishe polepole kwa wiki kadhaa hata kama ni maxima. Samaki kipepeo na Centropyge, samaki malaika wadogo, humdonoa joho. Centropyge wangu mmoja alikaa mwaka mzima kwa adabu, kisha akaonja mara moja, na tangu hapo hakuacha. Ilibidi nivunje nusu ya mwamba ili nimnase.