Baiskeli ya kwendea kazini Mwanza: tafuta fundi kwanza, baiskeli baadaye

Watu wakishajua kwamba naenda kazini kwa baiskeli huniuliza swali moja: ninunue ipi? Nami hujibu kwa swali. Kati ya nyumbani kwako na kazini kwako, fundi baiskeli anakaa wapi, na pale kwake kaning'iniza matairi ya namba gani? Wengi hawana jibu. Basi namwambia aende akaangalie kwanza, hela ikae mfukoni siku mbili tatu, haitaoza.

Naandika kwa ajili ya mtu wa safari fupi, kilomita mbili mpaka saba hivi, asubuhi kwenda na jioni kurudi. Mimi hutoka Pasiansi, nafuata barabara ya Makongoro kupitia Kirumba mpaka mjini. Anayebeba magunia ya mkaa kutoka Usagara ana mahitaji yake mengine, na pengine anajua zaidi yangu.

Hesabu ya pesa ni nyepesi. Tuseme kwa siku unatoa shilingi 2,000 kwa daladala na kipande cha bodaboda. Siku 26 za kazi ni 52,000. Baiskeli ya 260,000 itakuwa imejilipa kwa miezi mitano. Weka nauli yako humo uone inavyotoka. Ila usimalize hela yote kwenye baiskeli. Bakiza sehemu kwa ajili ya kufuli, taa, grisi na mkono wa fundi.

Halafu itazame njia yako. Barabara kuu za kuingia mjini, Makongoro, Nyerere na Kenyatta, kwa sehemu kubwa zinafuata mabonde na ukingo wa ziwa, na mawe yetu yale yanabaki juu yakitutazama. Anayetoka Mkuyuni, Igogo, Kirumba au Buzuruga hana mlima wa kumtisha. Anayekaa Isamilo, juu ya Bugando au Capri Point ana habari nyingine: asubuhi anateremka bila kukanyaga hata mara moja, jioni anapanda. Mtu huyo hukimbilia kuuliza gia, mimi namsihi aulize breki. Kwa kuwa mlima ukikushinda utashuka usukume, wala hakuna atakayekucheka, lakini mteremko wa Bugando siku ya mvua hauna pa kushukia. Sasa baiskeli zenyewe, nazipanga kuanzia ninayoiweka juu mpaka ya mwisho.

Ya kwanza: mtumba wa Kijapani

Ni ile yenye kikapu mbele, fremu iliyoinama katikati, madigadi kamili, keria na kifuniko cha mnyororo. Vijana huiita baiskeli ya kina mama na kuipita. Waache waipite, bei itapungua.

Ilitengenezwa kwa kazi hii hii ya kwenda stesheni, sokoni na shuleni. Kifuniko cha mnyororo kinakuokoa suruali, na dada aliyevaa gauni au dera anapanda bila mashindano. Wajapani nao wanaendesha kushoto kama sisi. Nyingi zina gia tatu zilizofichwa ndani ya habu ya nyuma, kile kitovu cha gurudumu. Vumbi na matope havizifikii, na unaweza kubadilisha gia ukiwa umesimama kwenye kivuko cha waenda kwa miguu. Zile zenye dainamo zinawasha taa bila betri, na taa si pambo: Mwanza kufika saa moja na nusu usiku giza limeshashika.

Kinachonifurahisha kuliko vyote ni vali. Zipo aina tatu utakazokutana nazo. Kuna ile ya kizamani yenye kimpira kidogo ndani, iliyopo kwenye Phoenix na kwenye hizi za Kijapani. Kuna ya mtindo wa gari, kwenye baiskeli nyingi za milimani. Na kuna nyembamba ya baiskeli za mbio. Pampu ya fundi wa kawaida inaingia kwenye ya kwanza bila maneno, na ya pili utajaziwa hata kwa mashine ya upepo wa magari. Ya tatu utahangaika nayo.

Sasa kasoro zake. Tairi lake mara nyingi limeandikwa 26 x 1 3/8, na hilo si sawa na 26 x 1.95 la baiskeli ya mlimani, hata kama muuzaji ataapa. Soma namba ndogo ubavuni mwa tairi: la kwanza linaishia na 590, la pili linaishia na 559. Namba hiyo ni kipenyo cha rimu kwa milimita, na milimita 31 hazilazimishwi kwa bisibisi. Kabla ya kulipa, pita kwenye maduka ya spea, uliza kama tairi la 590 lipo na ni shilingi ngapi. Ukikosa maduka matatu mfululizo, shuka kwenye chaguo la pili bila kinyongo.

Jambo jingine ni kufuli la duara lililofungwa nyuma ya kiti. Zuri sana, ila mara nyingi ufunguo ulibaki Japani. Usikubali ahadi ya "tutachonga". Wafungue na kufunga mbele yako, au walitoe. Na kile kibandiko chenye maandishi ya kwao kwenye fremu ni usajili wa huko wa kuzuia wizi. Hapa hakikusaidii kitu, ingawa nilishamwona mtu akikionyesha kwa fahari kama kadi ya gari.

Ya pili: Phoenix na ndugu zake

Tungekuwa tunapanga kwa uvumilivu tu, hii ingekaa juu. Phoenix ya Shanghai, Avon ya India, na nyingine za umbo lile lile lililoanzia kwa Waingereza zama za Raleigh: magurudumu makubwa ya 28, chuma kitupu, breki za fito, keria ya kubeba mtu mzima. Angalia Shinyanga na Kahama, wanakobeba abiria kwa baiskeli na kuziita daladala. Wanaokula kwa jasho la baiskeli hawachagui kwa rangi.

Spea zake ziko kila kona, na fundi yeyote anaifungua akiwa anaongea na simu. Gurudumu kubwa na fremu ndefu vinameza mashimo bila kukuvunja kiuno. Na kutu? Wenzetu wa Dar es Salaam wanapigana na chumvi ya bahari. Ziwa letu ni maji baridi, chuma kinaishi. Ukiifuta tope na kuitia mafuta kwenye mnyororo, mjukuu ataikuta.

Ila ni nzito, kilo 20 hivi, na ina gia moja. Hapa kuna siri ya bei ndogo: mwambie fundi atoe friwili iliyokuja nayo, ile gia ya gurudumu la nyuma inayovutwa na mnyororo, mara nyingi ya meno 18, akufungie ya meno 20 au 22. Utapunguza mwendo kidogo kwenye tambarare na kupanda kwa Mabatini kutakuwa kama kumepunguzwa. Sijui kwa nini wauzaji hawalisemi hili.

Breki ndizo zinazoinyima nafasi ya kwanza. Rimu ya chuma yenye nikeli ikilowa, mpira wa breki unateleza juu yake kama sabuni. Unabana, na baiskeli inaendelea na safari yake. Masika na vuli lazima uanze kubana mapema sana, kwanza taratibu kukausha rimu, kisha kwa nguvu. Kwa mtu wa tambarare hilo linavumilika. Kwa mtu wa Bugando ningesema hapana.

Ukiinunua mpya, inatoka kwenye katoni ikiwa vipande na kufungwa harakaharaka pale dukani. Grisi kwenye habu huwa ya kulambia, spoku zimelegea, na kotapini, zile pini mbili zinazoshika mikono ya pedeli, zitalegea ndani ya wiki. Ukisikia pedeli inagonga "ko" kila ikizunguka, simama siku hiyo hiyo. Ukiendelea kukanyaga, pini inakula tundu la mkono wa pedeli na hapo unanunua mkono mzima. Ipeleke kwa fundi wako kabla hujaipanda: afungue habu zote mbili atie grisi, akaze spoku, akaze pini. Usione ni ubahili wa kiwanda. Nyingi zimekuja hivyo miaka yote.

Stika nayo hubandikwa tu. Piga ukucha kwenye maungio ya fremu uangalie ulehemu, inua gurudumu ulizungushe, tazama kama linapita katikati ya foko, ile uma inayoshika gurudumu, bila kuyumba.

Ya tatu: ya mlimani, mtumba, foko lisilo na springi

Hii nawapa watu wa vilima. Rimu zake nyingi ni za aluminiamu, na breki zake zinashika hata mvua ikinyesha. Ina gia za kutosha kupanda popote mguu unapotaka. Tairi la 26 x 1.95 lipo kila mahali. Toa yale matairi yenye meno makubwa, weka laini. Kwenye lami meno yanakula nguvu zako na kuimba njia nzima. Utahitaji kununua madigadi na keria, vinginevyo shati litafika kazini na mstari wa tope mgongoni. Mnyororo na gia za nje zinataka kusafishwa kila wiki wakati wa vumbi.

Ya mwisho: mpya inayong'aa yenye springi mbele na nyuma

Nilinunua moja, kwenye duka ambalo sitalitaja. Nyekundu, ina breki za diski, ina springi mbili, imeandikwa maneno mengi. Ndani ya miezi miwili springi ya nyuma ilikuwa inalia kama mlango wa ghala, na kila nilipokanyaga ilididimia, nusu ya jasho langu likiishia humo. Gia zilijirukia zenyewe. Fundi wangu aliizunguka mara mbili, akaniuliza, "Kaka, hii umeinunua au umepewa?" Springi nzuri ni ghali. Ikiwa baiskeli nzima ni ya bei rahisi, jiulize hiyo springi imegharimu nini. Niliiuza kwa hasara, nikaongeza nikachukua ya Kijapani.

Za mbio zenye tairi jembamba siziorodheshi hata. Ukishuka kwenye lami kuingia mtaani, mawe ya Mwanza yatazimaliza.

Ununue kwa nani

Namweka mbele muuza mtumba mwenye fundi hapo hapo. Anaijua historia ya ile anayokuuzia, au angalau aliigusa. Mwambie unataka kuzunguka nayo dakika kumi, umwachie kitambulisho. Anayekataa amekusaidia kuamua. Ukiwa juu yake, achia usukani kidogo kwenye sehemu tulivu: ikivuta upande mmoja, fremu au foko limepinda. Iangalie shingo ya foko kwa nyuma kama rangi imekunjamana, hiyo iligonga kitu. Shika mkono wa pedeli uuchezeshe kulia na kushoto, shika na gurudumu hivyo hivyo. Mchezo kidogo unakazwa, mchezo wenye mkwaruzo ni gololi zimekwisha.

Wa pili ni duka la spea la katikati ya mji linalouza za katoni. Bei inapunguzika ukienda asubuhi, na spea utazirudia hapo hapo. Ukifungiwa, simamia pedeli ya kushoto kwa macho yako: uzi wake unakwenda kinyume, na kijana mwenye haraka akiulazimisha anaukata, kisha inakuwa tatizo lako.

Maduka makubwa yanayouza baiskeli pamoja na majokofu nayaacha, hawana wa kukuelekeza. Na yule anayekufuata jioni na baiskeli nzuri ya bei ya kutupa, anasema ana mgonjwa, mwombee mgonjwa wake apone na uendelee na safari. Baiskeli isiyo na risiti inaweza kukufikisha kituoni ukiwa na maelezo marefu. Hata kwa mtumba dai karatasi yenye namba iliyogongwa kwenye fremu, kwa kawaida chini ya pedeli au chini ya kiti, na uipige picha kwa simu.

Mkishakubaliana bei, usitoe hela bado. Omba kengele, omba pampu ya mkono, omba wapandishe kiti mpaka ukiweka kisigino kwenye pedeli ya chini mguu unyooke. Kengele na kiti watakupa bila ubishi. Pampu watakuambia haipo, na wewe geuka kama unaondoka.