Godoro lililomwachia mamangu bonde

Nilikwenda na mamangu kununua godoro la nne kwa sita, inchi sita, duka moja mjini Mombasa, si mbali na soko la Marikiti. Kijana akalikandamiza kwa ngumi, likainuka papo hapo. "Hai densiti hii, mama, utazeeka nayo." Yaani sponji nzito, iliyoshiba. Tukalipa, tukapakia tuktuk.

Haikupita miezi mingi, katikati pakazama. Nililaza mpini wa ufagio juu yake, nikateremsha rula ya mwanangu: sentimita 5 kasoro kidogo. Mamangu akiamka alfajiri, alama ya ubavu wake hubaki pale pale mpaka magharibi. Sponji imechoka, hainyumbuki tena, naye kila akiinuka anashika kiuno.

Tukarudi dukani. Yule kijana hata hakuuliza godoro lina nini. Alimtazama mamangu juu mpaka chini, mbele za watu, akasema, "Mama, shida si godoro, ni mwili wako." Mtu mzima yule, wa kumzaa! Mamangu akavuta buibui lake, akaniambia, "Twende, mwanangu." Hilo linaniuma kuliko pesa.

Nikalipeleka kwenye mizani ya muuza vyuma vikuukuu. Kilo 6. Kwa ukubwa ule, ni kama kilo 18 kwa mita moja ya ujazo: hewa tupu! Godoro kuwa gumu mkononi si kusema sponji yake ni nzito. Na ngumi ya dukani haithibitishi lolote, maana sponji yoyote mpya hurudi ukiibonya mara moja. Wanaoipima sawasawa huibana mpaka nusu ya unene, wakaiacha saa 22 kwenye joto la nyuzi 70, ndipo wakatazama imerudi kiasi gani. Sisi twalalia usiku kucha, na joto na unyevu huu wa Mombasa.

Nisiseme uongo: la mwanangu, tulilonunua siku ile ile, halijabonyea hata kidogo. Ana kilo ishirini tu, hajalifikisha mwisho wake. Basi kwa mtoto lafaa. Lakini nikiyakumbuka yale macho ya yule kijana, la, hata la mtoto kanunueni kwingine, na lipimwe kilo mbele yenu.

Mamangu amerudi kwenye kitanda chake cha kamba. Ikilegea, tunaiwamba upya.