"Very" na "too": sana si mno

Mwanafunzi wangu mmoja alimsifia mama mkwe wake kwa maandishi: "The food was too delicious." Alitaka kusema kitamu sana. Kiswahili ndicho kilichomponza, maana "mno" yetu husifu na hulalamika vilevile, ilhali "too" kwa kawaida hulalamika.

Chukua kikombe cha chai. "The tea is very hot": ni ya moto sana, lakini ukiipuliza utakunywa. "The tea is too hot": moto umepita kiasi, hainyweki. Ndiyo maana "too" hupenda mkia wa "to", kama "too hot to drink". Ukisema "very hot to drink" kwa maana hiyo, umekosea.

Linaloniudhi zaidi ni "I very like it". "Very" haitangulii kitenzi namna hiyo. Sema "I like it very much". Kwenye nomino, "too" huomba msaada: "too much sugar", "too many people". Kwa "sukari nyingi" tu, isiyozidi, tumia "a lot of sugar".

Ila ukiambiwa "You're too kind", usinune. Hiyo ni shukrani.