Miaka minne na mikeka mitatu ya jimu

Mkeka wa kwanza wa sakafu ya jimu yangu niliuchagua kwa kidole gumba. Nilisimama dukani, nikaubonyeza, ukadidimia, ukarudi, nikasema huu ndio. Ilikuwa ile miraba ya sponji ngumu inayoshikana kwa meno, wauzaji wanaiita EVA. Mepesi ajabu. Nilibeba mafurushi yote peke yangu, na kufikia jioni chumba kizima kilikuwa kimetandikwa bila gundi wala fundi. Wiki ya kwanza kila aliyeingia alivua viatu akatembea peku kwa raha zake, nami nikajiona mjanja.

Wiki ya tatu benchi likaanza kucheza. Nikalisogeza niangalie kama skrubu imelegea, kumbe skrubu hazina neno: miguu minne ilikuwa imechimba mashimo manne kwenye sponji, na mashimo yale mpaka leo hayajarudi. Ndani ya sponji hii kuna vipovu vidogo vya hewa vilivyofungwa. Ukipita juu yake kwa mguu, vinabonyea na kujaa tena. Ukiegemeza uzito mahali pamoja siku nzima, kuta za vipovu zinachoka na kulala moja kwa moja.

Shimo la benchi ningelivumilia. Kilichonitisha ni skwati, zoezi la kuchuchumaa na kuinuka na chuma mabegani. Kijana mmoja alishuka na kilo 100 mabegani, kisigino cha kulia kikiwa juu ya maungio ya miraba miwili. Sponji ikazama upande mmoja, chuma kikamwelemea kama mkokoteni uliotumbukia gurudumu moja mtaroni. Alifanikiwa kukirudisha kwenye fremu ya kuegeshea chuma, akanigeukia: "Kocha, sakafu yako inatembea." Sikuwa na jibu. Kidole gumba kilikuwa kimenidanganya: ulaini unaoupenda dukani ndio unaokuyumbisha ukiwa na mzigo.

Sikuitupa, lakini. Iko kona ya kunyoosha viungo, na kwa kulala, tumbo na pushapu naipa alama nane kati ya kumi. Mbili nimezikata kwa sababu meno ya pembeni yanachanika ukiyang'oa mara kwa mara.

Mkeka wa pili ulikuja umeviringishwa kama zulia: mpira wa chembechembe za matairi yaliyosagwa, unene milimita 8, upana mita 1.25, urefu mita 10. Hesabu ya uzito ni rahisi, kila mita mraba ya unene huo ni kama kilo nane, kwa hiyo roli zima ni kama kilo mia. Tulilibeba watu wanne na tukapumzika njiani. Harufu yake ni ya duka la matairi, iwe unaipenda au huipendi. Madirisha yakae wazi. Kwangu ilichukua wiki kadhaa kupoa.

Hapa kosa lilikuwa haraka yangu. Mpira uliotoka kwenye roli unatakiwa ulale sakafuni walau siku moja, ujinyooshe na uzoee joto la chumba, ndipo ukatwe. Mimi niliukunjua na kuukata saa hiyohiyo, nikaubana kabisa na ukuta. Kufika wikiendi ulikuwa umetoa tumbo katikati ya chumba, na watu wanajikwaa. Nililazimika kuukata tena kandokando ya ukuta mzima, safari hii nikiacha nafasi ya milimita tano hivi. Kwa wanaokata wenyewe: wembe mpya, rula ya chuma, chovya wembe kwenye maji ya sabuni, kisha pitisha mara tatu au nne polepole. Ukilazimisha kwa pigo moja, unapata ukingo uliotafunwa na panya.

Kwa mashine na vyuma vidogo vya mkono, milimita 8 zinanitosha kabisa. Mkeka huu una mwaka wa tatu na sioni sababu ya kuubadilisha. Kwa mtu anayeachia chuma kianguke, hapana. Mshindo unapita moja kwa moja hadi kwenye zege.

Ndiyo maana nikanunua aina ya tatu, vigae vya mpira vya sentimita 50 kwa 50, unene sentimita 2. Safari hii kidole nilikiweka mfukoni nikaenda na mizani ya kupimia watu. Muuzaji alicheka. Lakini fanya hesabu: kigae cha kipimo hicho kina ujazo wa lita tano, na lita moja ya mpira ni kama kilo moja, hivyo mpira ulioshindiliwa vizuri utakuwa na uzito unaokaribia kilo tano. Cha kwanza alichonipa kilisoma kilo 3.9. Cha rafu ya pili, kinachofanana nacho kama pacha, kilisoma 4.8. Nikatoa kitambaa cheupe chenye unyevu, nikasugua vyote viwili. Chepesi kiliacha weusi na chembe mbili tatu kitambaani. Kizito kiliacha kivuli tu. Nikachukua vizito, na muuzaji akaacha kucheka.

Ukiweza kupata mpira uliopikwa kwa salfa, ile njia ambayo mvumbuzi Mmarekani Charles Goodyear aliipatia hataza mwaka 1844, pata. Hauna vitundu vingi kama wa chembe zilizounganishwa kwa gundi, kwa hiyo jasho halizami ndani na harufu ni ndogo. Bei nayo inapanda, nami niliishia kuuweka mbele ya fremu ya skwati peke yake. Na kama chumba chako kiko ghorofani, usiamini kwamba sentimita mbili zitamwokoa jirani wa chini. Zinaokoa sakafu. Mtikisiko bado unasafiri kwenye zege.

Sasa uchafu, ambao hakuna muuzaji aliyenieleza, na kusema kweli sikuuliza. Mwaka mmoja baada ya kutandika, niliinua kigae cha kona kutafuta pete ya mteja. Iliyonipokea ni harufu ya soksi mbichi zilizosahaulika ndani ya begi. Zege chini yake lilikuwa na madoa meusi ya ukungu, na mgongo wa kigae ulikuwa unateleza. Pete hatukuipata.

Mkosaji alikuwa mimi na ndoo yangu. Nilikuwa nadeki kwa kumwaga maji, yanashuka kwenye maungio na hayana pa kutokea. Siku hizi nafagia kwanza, hasa ile chaki nyeupe watu wanayojipaka mikononi ili chuma kisiteleze, kwa sababu ikikutana na maji inakuwa uji. Halafu napitisha dekio lililokamuliwa mpaka halidondoshi, sabuni laini kidogo sana, na dekio la pili la maji matupu. Kila baada ya miezi mitatu nainua safu moja ya pembeni ninuse. Na kabla ya kutandika chumba kipya, nabandika karatasi ya plastiki ya sentimita 45 kwa 45 juu ya zege, naziba pande zote kwa utepe, naiacha usiku kucha, zisipungue saa 16. Nikikuta matone chini yake au zege limekuwa jeusi, mkeka unasubiri.

Dawa ya kuua vijidudu ni muhimu, maana choa hakichagui misuli, lakini inafanya kazi juu ya sakafu iliyokwisha kusafishwa, na ibaki mbichi kwa dakika zilizoandikwa kwenye chupa. Kupuliza na kufuta papo hapo ni kupaka manukato. Klorini kali nimeacha; inakausha mpira na kuufanya upauke. Mafuta ya taa ndiyo kabisa: niliwahi kuyatumia kung'oa bigijii iliyoganda, bigijii ikatoka, na kesho yake pale mahali palikuwa pamevimba, laini kama ulimi. Kigae hicho kipo bado, nimekigeuza juu chini.

Jua nalo linakula. Vigae viwili karibu na mlango wa kioo vimekuwa vya kijivu na vina nyufa nyembamba kama za kisigino cha msimu wa ukavu, wakati ndugu zao wa hatua moja ndani bado ni weusi ti. Nimeweka pazia. Mwezi ujao nahamisha: vigae sita vya mbele ya fremu, ambavyo katikati vimeanza kubonyea, vinakwenda chini ya rafu ya viatu, vya pembeni vinachukua nafasi yao, na wale wagonjwa wawili wa mlangoni wanatolewa nje kabisa. Mizani nimeshaiweka kwenye buti la gari.