Rotorua: Whakarewarewa au Te Puia?

Ukifika Rotorua, Nyuzilandi, utakuta malango mawili ya bonde moja la mvuke. Whakarewarewa ni kijiji hasa: Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, wa kabila la Tūhourangi Ngāti Wāhiao wanaishi humo, na wengi ni wazao wa walionusurika mlima Tarawera ulipolipuka mwaka 1886. Anayekutembeza ni mwenyeji. Mahindi huchemshwa ndani ya bwawa la moto, nyama na viazi huiva kwa mvuke utokao ardhini, na wanakijiji huoga pamoja kwenye mabirika ya wazi. Makaburi yamejengwa juu ya ardhi, maana chini kunatokota. Ni makazi ya watu, kwa hiyo tafadhali usichungulie madirishani.

Te Puia ni ghali zaidi na imepangwa kitalii. Ila ndiko utakakoisogelea Pohutu, chemchemi inayorusha maji hadi mita 30; ukiwa kijijini utaiona kwa mbali. Kuna pia ndege aina ya kiwi, na chuo cha uchongaji na ufumaji kilichotokana na sheria ya mwaka 1963. Wenye watoto watakifurahia zaidi kishindo cha Pohutu. Mimi, nikiwa na nusu siku tu, ningeingia kijijini.